Uonyeshaji wa Herufi za Kituruki katika Skrini Ndogo za Grafiki za Mifumo Pachikwa

Utangulizi

Kituruki cha leo huandikwa kwa alfabeti ya herufi 29 iliyowekwa na Sheria Na. 1353 ya tarehe 1 Novemba 1928, ambayo ilizifanya herufi za Kilatini zichukue nafasi ya hati ya Kiarabu. Herufi q, w na x ziliachwa nje, na sauti ambazo Kilatini hakikuwa na herufi zake zilipewa maumbo ya pekee: ç, ğ, ı, ö, ş na ü. Herufi kubwa ya ı ni I ya kawaida, ilhali i yenye nukta ina herufi kubwa yake, İ, ambayo nayo hubaki na nukta. Kwa hiyo kifaa kinachotegemea msimbo wa ASCII, wenye alama 95 zinazochapika, hupungukiwa maumbo 12 ili kiweze kuandika Kituruki kamili: sita ya herufi ndogo na sita ya herufi kubwa.

Katika kompyuta za mezani na simu za kisasa upungufu huo umekwisha kuzibwa. Haujazibwa katika mifumo pachikwa, yaani kompyuta ndogo zilizofichwa ndani ya vifaa kama vipimajoto, mita, pampu za dawa na majokofu ya chanjo. Vifaa hivyo huwa na skrini ya pikseli chache: 84 kwa 48 katika skrini inayoendeshwa na kidhibiti PCD8544, iliyojulikana kupitia simu ya Nokia 5110, au 128 kwa 64 katika skrini nyingi zinazoendeshwa na SSD1306 au KS0108. Hapo fonti huwekwa na mhandisi kwa mkono wake, herufi moja baada ya nyingine, na njia ya mkato inayovutia ni kuziondoa alama: ş ikawa s, ğ ikawa g, ı ikawa i.

Sababu inayotolewa mara nyingi kwa kufanya hivyo ni uhaba wa kumbukumbu. Makala hii inaonyesha kwamba sababu hiyo haina uzito. Gharama ya kumbukumbu ni ndogo mno. Ugumu halisi uko katika uchoraji wa maumbo ndani ya gridi finyu, na katika namna programu inavyohesabu na kubadili herufi kabla ya kuzichora.

Alama ni sehemu ya herufi

Kituruki, kama Kiswahili, ni lugha ambishi bainishi: neno hujengwa kwa mzizi na viambishi. Viambishi vyake hufuata upatanifu wa irabu, na kundi kubwa kati yavyo lina sura nne kwa kutegemea irabu iliyotangulia: ı, i, u au ü. Anayeifuta tofauti kati ya ı na i, au kati ya u na ü, hagusi mapambo ya maandishi. Anaharibu kanuni inayoliunganisha neno.

Madhara ya kimaana ni rahisi kuyaonyesha kwa matini ya aina inayotokea kwenye skrini za vifaa. Dış maana yake ni nje, na kipimajoto chenye vihisi viwili huhitaji neno hilo ili kutofautisha joto la nje na la ndani. I ikipewa nukta, neno huwa diş, yaani jino. Aşı ni chanjo. Bila kijimkia cha ş na kwa i badala ya ı, jokofu la chanjo hujitambulisha kwa neno asi, yaani mwasi. Msomaji wa Kituruki atacheka na kuelewa kutokana na muktadha. Hawezi kufanya hivyo kwa sentensi Hasta öldü, ambayo maana yake ni kwamba mgonjwa amefariki. Nukta za ö na ü zikiondolewa hubaki Hasta oldu, sentensi sahihi kabisa ya Kituruki inayosema kwamba mtu ameugua. Muktadha wa hospitali hauwezi kuamua ni ipi iliyokusudiwa, kwa kuwa zote mbili ni za hospitali.

Mwaka 2008 magazeti ya Uturuki yaliripoti ugomvi wa kifamilia ulioishia kwa vifo baada ya ujumbe wa simu kusomwa vibaya: simu ya mpokeaji haikuonyesha ı, na neno la kawaida likasomeka kuwa tusi zito. Hali ya simu za wakati huo inaeleweka. Alfabeti ya msingi ya ujumbe mfupi wa GSM ina Ö, ö, Ü na ü, na ina Ç kubwa bila ç ndogo, lakini haina kabisa ğ, ş, ı wala İ. Aliyetaka kuandika Kituruki sahihi alilazimika kutumia usimbaji wa baiti mbili kwa kila herufi, ambao hupunguza ujumbe kutoka herufi 160 hadi 70. Majedwali ya ziada ya lugha za kitaifa, likiwamo la Kituruki, yaliingizwa katika viwango vya 3GPP kuanzia toleo la 8.

Kutoka faili ya msimbo hadi jedwali la fonti

Fonti ya kawaida ya skrini ndogo ni jedwali la baiti. Kila herufi hupewa baiti tano, moja kwa kila safu wima, na kila biti ya baiti huwakilisha pikseli moja, biti ya chini kabisa ikiwa pikseli ya juu. Mpangilio huu unatokana na kumbukumbu ya vidhibiti vyenyewe: SSD1306 hugawanya safu 64 za skrini katika kurasa nane, kila ukurasa ukiwa na kimo cha pikseli nane. Programu huchukua thamani ya herufi, huitoa 32, huzidisha kwa tano, na kusoma baiti zinazoanzia hapo. Kwa ASCII utaratibu huu hautegi mtego wowote.

Mtego huanza pale mhandisi anapoandika neno sıcaklık, joto, katika faili iliyohifadhiwa kwa UTF-8. Katika usimbaji huo ı si baiti moja bali mbili, C4 na B1. Programu isiyojua hivyo huchora maumbo mawili yasiyohusiana na neno. Kile kinachotokea skrini hutegemea jedwali lililomo ndani, na mtafiti mwenye subira anaweza kuusoma uchafu huo kama daktari anavyosoma dalili. Skrini ikionyesha s─▒cakl─▒k, jedwali ni la ukurasa wa msimbo 437 wa kompyuta za kale na matini ni ya UTF-8. Ikionyesha sÄ±caklÄ±k, jedwali ni la Latin-1 na matini bado ni ya UTF-8. Ikionyesha sýcaklýk, hali ni tofauti: matini imesimbwa kwa ISO 8859-9 ya mwaka 1989, lakini inasomwa kwa jedwali la Latin-1. Kiwango hicho cha 1989 kilitengenezwa kwa kuondoa herufi sita za Kiaislandi katika Latin-1 na kuweka za Kituruki mahali pake, na ndiyo maana ğ hugeuka ð, ş hugeuka þ, na ı hugeuka ý.

Dalili ya nne ni mbaya zaidi kwa sababu haina utaratibu. Kompaila nyingi, ikiwamo ile ya kawaida ya vidhibiti vya AVR, huchukulia aina ya herufi katika lugha ya C kuwa namba yenye ishara. Baiti C4 basi si 196 bali ni −60. Ikitolewa 32 hubaki −92, na ikizidishwa kwa tano programu husoma baiti 460 kabla ya mwanzo wa jedwali. Skrini huonyesha vipande vya kitu chochote kilichohifadhiwa hapo, na vipande hivyo hubadilika kila programu inapokusanywa upya. Msimbo uleule ukihamishiwa kwenye kichakataji cha ARM, ambako aina hiyo kwa kawaida haina ishara, kosa hubadilika sura, na mhandisi huweza kudhani kwamba skrini ndiyo mbovu.

Tiba ni kuweka hatua moja kabla ya jedwali: kusimbua UTF-8 na kupata namba ya Unicode, kisha kuitafuta namba hiyo. Herufi 12 za Kituruki huanza kwa baiti tatu tu, C3, C4 na C5, kwa hiyo msimbuaji wake ni mfupi. C3 hutangulia Ç, ç, Ö, ö, Ü na ü. C4 hutangulia Ğ, ğ, İ na ı. C5 hutangulia Ş na ş. Herufi inayopatikana hupewa nafasi mara baada ya zile 95 za ASCII.

Hapa ndipo hoja ya kumbukumbu inapopimika. Herufi 95 kwa baiti tano ni baiti 475. Kuongeza 12 kunaleta jumla ya 535, yaani ongezeko la baiti 60. Kidhibiti cha ATmega328P, ambacho si kikubwa hata kidogo, kina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 32. Aliyechagua kuhifadhi matini yote kwa ISO 8859-9 ili kuepuka usimbuaji atahitaji jedwali linalofika alama ya mwisho, FF, lenye nafasi 224 na baiti 1,120, isipokuwa naye aweke hatua ya kutafuta. Urahisi wake basi una gharama kubwa kuliko ule ulioitwa ugumu. Linaloweza kubana ni kumbukumbu ya muda: kidhibiti hicho kina kilobaiti 2 tu, na nakala kamili ya skrini ya 128 kwa 64 huchukua baiti 1,024, nusu nzima. Lakini nakala hiyo huhitaji nafasi ileile hata kama matini ni ya Kiingereza.

Uchoraji ndani ya pikseli tano kwa nane

Gridi inayoitwa ya 5 kwa 7 kwa kweli ina kimo cha nane. Safu ya nane huachwa wazi ili mistari isigusane, na huazimwa na mikia ya herufi kama g, p na y. Herufi kubwa hujaza safu saba zote za juu. Herufi ndogo huacha wazi safu mbili za juu. Kutokana na hali hii, herufi ndogo za Kituruki huchorwa kwa urahisi na herufi kubwa kwa taabu.

Mfano ulio rahisi kuliko yote ndio wenye uzito kuliko yote. Katika fonti iliyoenea, i huwa na baiti 00, 44, 7D, 40, 00. Herufi ı ni 00, 44, 7C, 40, 00. Tofauti ni biti moja katika baiti ya tatu, pikseli moja kati ya arobaini, na ndiyo tofauti kati ya nje na jino.

Herufi ğ ina alama juu na mkia chini. Upinde halisi ungehitaji safu mbili, moja ya ncha na moja ya tumbo, na tumbo lingegusa kichwa cha herufi. Suluhisho linalopendekezwa ni kuunyoosha upinde uwe mstari mfupi katika safu ya kwanza na kuacha safu ya pili wazi:

. # # # .
. . . . .
. # # # #
# . . . #
# . . . #
. # # # #
. . . . #
. # # # .

Baiti zake ni 18, A5, A5, A5, 7C. Mstari si upinde, na mchoraji wa fonti za vitabu asingekubali. Hata hivyo Kituruki hakina g nyingine yenye alama juu, na jicho la msomaji hulijua umbo hilo bila kusita. Katika gridi ndogo, alama haina budi kutofautisha kwanza. Kufanana na mchoro wa chapa ni jambo la pili.

Kijimkia cha ş na ç hupata pikseli moja tu katika safu ya nane, chini ya safu wima ya katikati. S kubwa yenye baiti 46, 49, 49, 49, 31 hugeuka Ş kwa kubadili ya tatu iwe C9. Pikseli hiyo hutosha kusomeka, lakini huimaliza nafasi kati ya mistari: chini yake moja kwa moja huweza kuja nukta ya i ya mstari unaofuata. Anayetaka safu moja zaidi ya kupumulia atakuwa na mistari ya kimo cha tisa, ambayo haipatani na kurasa za nane za kidhibiti na hulazimisha matumizi ya nakala ya skrini kwenye kumbukumbu. Skrini ya safu 64 hubaki na mistari saba badala ya minane. Kwa vifaa vya kupimia, mistari saba inayosomeka ni bora kuliko minane inayogusana.

Ö kubwa huleta utata wa namna nyingine. Ikifupishwa hadi safu tano ili nukta zipate nafasi, baiti zake huwa 38, 45, 44, 45, 38, ambazo ndizo baiti zilezile za ö ndogo. Njia bora ni kuzipeleka nukta kwenye pembe: 3D, 42, 42, 42, 3D. Kimo cha saba hubaki, na ukubwa wa herufi huonekana. Ü, kwa kuwa iko wazi juu, hukubali njia hiyo bila matatizo: 3D, 40, 40, 40, 3D.

İ haina pembe za kukimbilia. Mwili wake lazima ufupishwe: 00, 44, 7D, 44, 00. Ikilinganishwa na i ndogo, tofauti ni pikseli moja ya upande wa kulia juu. Kasoro hii inaweza kuvumiliwa, kwa kuwa İ na i ni herufi moja kwa ukubwa mbili, na kuzichanganya hakubadili neno. Kasoro isiyovumilika ni kuacha nukta ya İ ili herufi ipendeze kwa kimo, kwani hapo inakuwa herufi nyingine. Ğ kubwa nayo husongamana, lakini hakuna neno la Kituruki linaloanza na ğ. Umbo hilo hutokea pale tu neno zima linapoandikwa kwa herufi kubwa. Hii ni sababu nzuri ya kuandika menyu za kifaa kwa herufi ndogo.

Kubadili na kuhesabu herufi

Programu iliyochora kila umbo kwa usahihi bado huweza kukosea. Kitendo cha kawaida cha lugha ya C cha kugeuza herufi ziwe kubwa hufanya kazi baiti kwa baiti na hujua Kiingereza peke yake. Neno izin, ruhusa, hugeuka IZIN badala ya İZİN. Neno sınır, mpaka au kikomo, hugeuka SıNıR, kwa kuwa baiti za ı hazikuguswa. Kurekebisha kasoro hiyo kunaleta hatari mpya: i ina baiti moja na İ ina mbili, kwa hiyo neno hurefuka linapokuzwa. Maneno kimlik bilgisi, taarifa za utambulisho, yana baiti 14 na hutoshea pamoja na alama ya mwisho katika hifadhi ya baiti 16. Yakiwa KİMLİK BİLGİSİ ni baiti 19, na zile zinazozidi huandikwa juu ya data nyingine. Katika kifaa kisicho na mfumo endeshi wa kulinda kumbukumbu, kosa hilo halitoi onyo; thamani ya jirani hubadilika kimya.

Hesabu ya urefu nayo hudanganya. Ölçülüyor, inapimwa, ni herufi tisa na baiti 13. Kwa upana wa pikseli sita kwa kila herufi, neno huchukua pikseli 54, lakini programu inayohesabu baiti hudhani ni 78 na kuliweka pikseli 12 kushoto mwa katikati. Programu inayokata matini ndefu huweza kukata kati ya C5 na 9F, ikaacha nusu ya ş.

Upimaji na matumizi kwa lugha nyingine

Sentensi ya Kituruki Pijamalı hasta yağız şoföre çabucak güvendi ina herufi zote 29 ndani ya nafasi 43, na katika skrini ya upana wa pikseli 128 hutoshea kwa mistari mitatu. Inafaa iandikwe mara mbili, kwa herufi ndogo na kwa herufi kubwa, kwa kuwa mara ya pili ndiyo inayofichua Ğ na İ. Baada ya macho ya mhandisi inahitaji macho ya msomaji wa Kituruki, kwa umbali na mwanga ambamo kifaa kitatumika. Mchoro unaosomeka mezani huweza kupoteza nukta zake ukutani.

Kiswahili hukaa karibu chote ndani ya ASCII, jambo linaloweza kumfanya mhandisi wa Afrika Mashariki aamini kwamba tatizo hili ni la wengine. Kritiki ya ng' inaonyesha vinginevyo. Ikiandikwa kwa kibodi ndani ya msimbo ni baiti moja. Ikinakiliwa kutoka programu ya kuandikia nyaraka, ambayo huipinda, huwa baiti tatu, E2, 80 na 99, na ng'ombe wa mizani ya kidijitali hupata uchafu katikati ya jina. Kwa Kikuyu ulinganifu ni wa karibu zaidi. Irabu ĩ na ũ husimbwa C4 A9 na C5 A9, kwa baiti zilezile za mwanzo zinazotangulia ğ na ş, hivyo msimbuaji ulioandikwa kwa ajili ya Kituruki huzifikia bila mabadiliko. Kinachobaki ni maumbo manne, baiti 20, na swali la namna ya kuchora wimbi la pikseli tatu juu ya herufi i.